Wajina Wasigeuke Mtu Mmoja: Namna ya Kuandika Wasifu Mfupi wa Watu Wenye Jina Moja la Ukoo

Orodha ya washindi wa Boston Marathon upande wa wanaume ina jina la Robert Cheruiyot mara tano: 2003, 2006, 2007, 2008 na 2010. Msomaji mwenye haraka atahesabu mara tano na kumpongeza mtu mmoja. Kumbe ni wawili. Robert Kipkoech Cheruiyot, aliyezaliwa 1978, ndiye mwenye zile nne za mwanzo. Robert Kiprono Cheruiyot, aliyezaliwa 1988, ndiye wa 2010. Ukitaka kuwatenganisha kwa herufi ya katikati huambulii kitu, maana wote ni Robert K. Wote ni Wakenya, wote ni wa marathoni, wote wamevishwa taji la majani katika mji uleule.

Kuandika aya fupi za watu mashuhuri wenye jina moja la ukoo ni kazi ambayo kwa kawaida hutupiwa mwandishi mgeni, kwa kuwa inaonekana nyepesi. Maneno 80 kwa kila mtu, unayapanga, unaenda nyumbani. Mimi ni mhariri wa vitabu vya rejea, na aya hizi ndizo ninazozirudisha mezani kwa mwandishi kuliko nyingine zote. Katika wasifu wa kawaida una kazi moja, kumweleza mtu. Hapa una kazi mbili: kumweleza, na kumtenga na wajina wake. Ya pili ndiyo inayosahaulika, na ndiyo sababu msomaji kafungua ukurasa huo. Hakuja kujua kwamba Cheruiyot anakimbia. Amekuja kujua ni Cheruiyot yupi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na mengine yote hapa chini yanatoka humo: kila sentensi ibebe kitu ambacho wajina wake hawezi kukiazima.

Kusanya wote kwanza, hata usiowataka

Usianze na yule unayemjua. Litafutie jina ukurasa mtupu, kisha jaza kila mtu unayemkuta katika kumbukumbu za umma, hata kama unajua hutamtumia. Michanganyo mingi hutoka kwa wale ulioamua kuwaacha.

Nitaendelea na Cheruiyot, kwa kuwa ni jina lenye kila aina ya mtego. Mbali na Robert wawili, yuko Vivian Cheruiyot, aliyezaliwa 1983, bingwa wa Olimpiki wa mita 5000 mjini Rio mwaka 2016 na mshindi wa London Marathon mwaka 2018. Yuko Timothy Cheruiyot, aliyezaliwa 1995, bingwa wa dunia wa mita 1500 mjini Doha mwaka 2019. Yuko Evans Cheruiyot, mshindi wa Chicago Marathon mwaka 2008. Wako mapacha Charles na Kipkoech Cheruiyot, wakimbiaji wa miaka ya 1980. Charles alishiriki mita 5000 katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, na Kipkoech alijulikana zaidi kwa mita 1500. Nje ya riadha yuko Aaron Cheruiyot, aliyeingia Seneti ya Kenya kwa uchaguzi mdogo wa 2016 kuwakilisha Kericho.

Sasa tazama orodha hiyo kwa jicho la mtu anayetafuta makosa. Kipkoech ni jina la kwanza la pacha mmoja na jina la katikati la bingwa wa Boston. Ukitafuta "Kipkoech Cheruiyot" peke yake utaletewa wote wawili, na habari za mita 1500 za miaka ya 1980 zitaingia katika maisha ya mtu aliyekuwa bado mtoto wakati huo. Chicago nayo ina Cheruiyot wawili walioshinda, Robert Kipkoech mwaka 2006 na Evans mwaka 2008, kwa hiyo "Cheruiyot aliyeshinda Chicago" si maelezo ya mtu, ni kitendawili.

Katika daftari langu kila mtu hupata safu yenye vichwa vichache tu: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufariki kama ipo, kazi, matukio makubwa matatu pamoja na miaka yake, na mwisho kabisa safu ninayoithamini kuliko zote, "anachanganywa na nani". Ukiona safu hiyo ya mwisho iko tupu kwa kila mtu, ujue hujatafuta vya kutosha.

Tarehe ya kuzaliwa ndiyo kitambulisho chako. Majina hufupishwa, hubadilishwa, huandikwa kwa tahajia tatu tofauti. Tarehe ya kuzaliwa ni ngumu zaidi kugongana. Kwa wanariadha, World Athletics huweka ukurasa wa kila mkimbiaji wenye tarehe hiyo pamoja na matokeo yake. Kwa wabunge na maseneta kuna kumbukumbu za bunge. Ukipata habari isiyo na tarehe ya kuzaliwa, ipitishe kwenye hesabu ya umri kabla ya kuiamini. Robert wa 1988 alikuwa na miaka 14 siku Boston ya 2003 ilipokimbiwa. Hesabu hiyo ya darasa la pili inamaliza ubishi wote.

Picha nazo zina balaa lake. Mtu akipakia picha na kuandika "Robert Cheruiyot, Boston", picha hiyo itatumiwa kwa yeyote kati yao. Angalia namba iliyo kifuani na mwaka wa mbio, ulinganishe na matokeo rasmi. Ukishindwa kuthibitisha, aya bila picha haijawahi kumdhuru mtu.

Jina la katikati linasema nini?

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu, kwa sababu jina la katikati halifanyi kazi ileile kila mahali. Sehemu nyingine linakutajia baba. Sehemu nyingine halikutajii ndugu yeyote.

Chukua Karume. Abeid Amani Karume, aliyezaliwa 1905, alikuwa Rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania, hadi alipouawa tarehe 7 Aprili 1972. Amani Abeid Karume, mwanawe, aliyezaliwa 1948, alikuwa Rais wa Zanzibar kuanzia 2000 hadi 2010. Majina ni yaleyale matatu, mawili ya mbele yamebadilishana nafasi. Lakini mpangilio wenyewe unakusaidia ukiujua: jina la pili ni la baba. Abeid ni mwana wa Amani, Amani ni mwana wa Abeid. Kwa mtu asiyeuzoea mpangilio huo, hayo ni makosa ya uchapaji yanayosubiri kutokea, na hutokea. Ndiyo maana kwa jozi hii siandiki kamwe "Rais Karume" bila miaka mbele yake. Wote walikuwa Marais, wote wa Zanzibar.

Mwinyi ni hivyohivyo. Ali Hassan Mwinyi, aliyezaliwa 1925 na kufariki tarehe 29 Februari 2024, alikuwa Rais wa Zanzibar 1984–1985 kabla ya kuwa Rais wa Tanzania 1985–1995. Hussein Ali Mwinyi, mwanawe, aliyezaliwa 1966, daktari wa tiba kwa taaluma, alishika urais wa Zanzibar Novemba 2020. Waandishi wengi humkumbuka baba kwa urais wa Muungano tu na kudhani "Rais Mwinyi wa Zanzibar" ni mmoja. Kwa sababu hiyo, ule mwaka mmoja na ushee wa baba usiuache nje ya aya hata kama maneno yamekubana. Ndio unaomkinga msomaji.

Rudi sasa kwa Cheruiyot. Majina ya Kikalenjin kama Kipkoech, Kiprono na Cheruiyot lenyewe hutolewa kufuatana na wakati au hali ya kuzaliwa kwa mtoto. Kwa hiyo maelfu ya watu wanaweza kulichangia bila kuwa na babu mmoja, na Kiprono wa Robert hakukuambii chochote kuhusu baba yake. Ukiandika "ukoo wa Cheruiyot" kwa watu niliowataja juu umebuni familia ambayo haipo. Ni wawili tu niliothubutu kuwaita ndugu, wale mapacha, na ni kwa sababu undugu wao umeandikwa wazi.

Ethiopia ina somo lake, na mimi hupenda kulitumia kwa waandishi wapya kwa sababu linakamilika ndani ya jina moja. Kule jina la pili ni la baba, si la ukoo. Ejegayehu Dibaba alipata fedha ya Olimpiki ya mita 10,000 mjini Athens mwaka 2004. Tirunesh Dibaba alishinda dhahabu za mita 5000 na 10,000 mjini Beijing mwaka 2008, kisha dhahabu ya mita 10,000 mjini London mwaka 2012. Genzebe Dibaba aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 ya 3:50.07 mjini Monaco mwaka 2015, rekodi iliyodumu hadi Faith Kipyegon alipoivunja mwaka 2023. Hao watatu ni dada wa tumbo moja. Mare Dibaba, bingwa wa dunia wa marathoni wa 2015, si dada yao. Na katika mashindano hayohayo ya dunia ya Beijing 2015, Genzebe alichukua dhahabu ya mita 1500 na Mare dhahabu ya marathoni. Dhahabu mbili, Dibaba wawili, nchi moja, wiki moja na ushee. Mwandishi aliyechoka ataandika "dada wawili washinda dhahabu", na hakuna programu ya kukagua tahajia itakayomkamata.

Upande wa pili wa sarafu, Derartu Tulu, bingwa wa Olimpiki wa mita 10,000 wa 1992 na 2000, ni ndugu wa akina Tirunesh, ila jina lake halifanani na lao hata kidogo. Basi undugu uandike pale ulipothibitika, na pale tu. Jina kufanana si ushahidi, na jina kutofanana si ushahidi pia. Katika aya za Waethiopia tumia jina la kwanza unapomrudia mtu: Tirunesh alishinda, si Dibaba alishinda. Ukitumia la pili unamtaja baba yake, ambaye hakukimbia.

Kuna na majina ya kuchukuliwa. Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya, hapo awali aliitwa Johnstone Kamau. Jina ambalo leo tunaliona la familia kubwa ya kisiasa lilianza kwake. Jambo hilo liingie katika aya yake, kwa sababu mtu atakayetafuta "akina Kenyatta" wa kabla yake atapoteza muda bure.

Nani aingie

Hili nalipitia upesi. Muulize kila mtu swali moja: ukimfuta yule wajina au ndugu yake maarufu zaidi, aya yake inabaki na nini? Kama haibaki na kitu, hana aya. Anatajwa ndani ya aya ya huyo ndugu yake na inatosha.

Margaret Kenyatta ndiye mfano ninaopenda, kwa kuwa ni wawili na wote wanafaulu. Margaret Wambui Kenyatta (1928–2017), binti ya Jomo, alikuwa meya wa Nairobi kuanzia 1970 hadi 1976, Mwafrika wa kwanza mwanamke kushika nafasi hiyo. Margaret Gakuo Kenyatta, mke wa Uhuru Kenyatta, alikuwa Mama wa Taifa wakati wa urais wa mumewe, 2013–2022, akaanzisha kampeni ya Beyond Zero ya afya ya mama na mtoto, na Aprili 2014 akakimbia London Marathon nzima kuichangia. Waandishi huanza aya zote mbili vilevile, "binti wa Rais" na "mke wa Rais". Anza na umeya. Anza na kampeni. Uhusiano uje katika sentensi ya pili, mahali pake.

Aya yenyewe, neno kwa neno

Hii ni aina ya aya inayonifikia mezani:

"Robert Cheruiyot ni mwanariadha mashuhuri wa Kenya wa mbio za masafa marefu. Amewahi kushinda mashindano makubwa ya kimataifa ikiwemo Boston Marathon na kuweka rekodi. Anasifika kwa bidii na nidhamu, na ameipeperusha vyema bendera ya nchi yake."

Hakuna uongo humo. Sasa fanya jaribio langu: mfute Kipkoech kichwani, muweke Kiprono. Soma tena. Kila sentensi imesimama. Robert Kiprono naye ni Mkenya, naye kashinda Boston, naye kaweka rekodi, na bendera kaipeperusha. Aya yenye maneno zaidi ya 30 isiyojua inamzungumzia nani. Ukiisoma kwa Evans au Vivian, karibu yote inasimama vilevile, ukibadilisha Boston tu.

Hii hapa ndiyo ninayoikubali:

"CHERUIYOT, Robert Kipkoech (alizaliwa 1978). Mwanariadha wa Kenya wa marathoni, mshindi wa Boston mara nne: 2003, 2006, 2007 na 2008. Mwaka 2006 alikimbia kwa saa mbili, dakika 7 na sekunde 14, sekunde moja chini ya rekodi ya njia hiyo iliyowekwa na Cosmas Ndeti mwaka 1994. Mwaka uliofuata, katika dhoruba ya mvua na upepo, alishinda kwa 2:14:13. Oktoba 2006 alishinda pia Chicago, akateleza kwenye mstari wa kumalizia na kugonga kichwa chini. Si Robert Kiprono Cheruiyot, aliyeivunja rekodi yake ya Boston mwaka 2010."

Na mwenzake:

"CHERUIYOT, Robert Kiprono (alizaliwa 1988). Mwanariadha wa Kenya wa marathoni. Aprili 2010 alishinda Boston kwa 2:05:52, dakika 1 na sekunde 22 chini ya rekodi ya Robert Kipkoech Cheruiyot, ambaye si ndugu yake. Rekodi hiyo ilidumu mwaka mmoja, hadi Geoffrey Mutai alipokimbia 2:03:02 katika njia hiyohiyo."

Tazama kilichofanyika. Kule kuteleza Chicago hakuwezi kuhamia kwa mtu mwingine yeyote duniani. Wala sekunde moja ya Ndeti. Na ule muda wa 2007, ambao ni mbaya ukiutazama peke yake, umepewa sababu yake, dhoruba. Bila hivyo msomaji makini atadhani umekosea tarakimu au umemchanganya mtu. Jambo la kati linalowaunganisha wajina hawa, kwamba mmoja alivunja rekodi ya mwingine, limetajwa katika aya zote mbili, kila moja kutoka upande wake. Wengi huliweka upande mmoja tu kwa kuogopa kurudia. Rudia. Msomaji hufungua aya moja, hasomi zote.

Aya ya pili ni fupi kuliko ya kwanza, na iachwe hivyo. Usimjazie Kiprono maneno ili alingane na Kipkoech. Kujazia ndiko kunakozaa "bidii na nidhamu".

Neno moja kuhusu rekodi: andika ni rekodi ya nini. Muda wa Mutai wa 2011 haukuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia kwa sababu njia ya Boston huanzia mahali pamoja na kuishia pengine mbali, tena huteremka kupita kiwango kinachoruhusiwa. "Aliweka rekodi" bila "ya njia" ni kosa, hata kama kila neno lake ni kweli.

Maneno yanayotia sumu

Mashuhuri: lifute. Kuwamo katika orodha kunatosha kusema hivyo.

Kwa sasa: lifute pia, weka mwaka. "Kwa sasa ni kiongozi wa walio wengi katika Seneti" itaoza. "Alikuwa kiongozi wa walio wengi katika Seneti kuanzia 2022" itabaki kweli hata akiondoka kesho.

Marehemu: usilitumie katika kichwa cha aya. Tarehe ya kufariki imeshasema. Zaidi ya hapo, watu huliweka kwa baba na kusahau kulitoa wanaponakili mstari kwa mtoto, na nimeona aya ya mtu aliye hai ikianza na marehemu. Mwenyewe hakufurahi.

Mstaafu ni neno la heshima lenye hila. Ukiandika "Rais mstaafu Karume", anayejua historia atafahamu ni Amani, kwa kuwa Abeid aliuawa akiwa madarakani. Lakini unamwandikia asiyejua. Weka miaka.

Dokta, Mheshimiwa, Alhaji, Balozi, Mzee, Mama: vyote hivi vina mahali pake katika hotuba na salamu. Katika aya, taja cheo kama tukio: alikuwa balozi mahali fulani, kuanzia mwaka fulani. Najua kuna familia zitakazopiga simu kuuliza kwa nini mzee wao hakuwekewa Mheshimiwa. Waeleze kwa adabu kwamba hakuna aliyewekewa.

Kuna jambo la sarufi ambalo waandishi hawaliwazi. Alishinda, aliteuliwa, alimrithi: vitenzi vyetu havionyeshi jinsia, na hata "mwanawe" haisemi ni wa kiume au wa kike. Jina Cheruiyot nalo halisemi. Kwa hiyo "V. Cheruiyot alishinda London 2018" humwachia msomaji mkono mtupu. Andika jina la kwanza kwa ukamilifu, na mapema katika aya weka neno moja litakaloonyesha: mbio za wanawake, binti ya, meya wa kwanza mwanamke. Vilevile "Karume alimteua, naye akamrithi": nani alimteua nani? Katika ukurasa wa wajina taja jina la kwanza kila mara, hata kama sikio linakuambia umerudia. Kwa Robert wawili hata hilo halitoshi, kwa hiyo mimi huwaita Kipkoech na Kiprono kuanzia mstari wa pili hadi mwisho.

Muda wa mbio nao unataka uangalifu wa kwetu. Ukiandika "alimaliza saa 2:07", kuna atakayeelewa kwamba alimaliza asubuhi, saa mbili na dakika saba. Mara ya kwanza andika kwa maneno, saa mbili, dakika 7 na sekunde 14, halafu tarakimu zinazofuata zitaeleweka zenyewe. Na Olimpiki ya Tokyo inaitwa ya 2020 lakini ilikimbiwa 2021. Fedha ya Timothy Cheruiyot ya mita 1500 iandike "Tokyo, Agosti 2021", la sivyo mtu atailinganisha na miaka mingine na kuona hesabu haikai.

Mpangilio na ukaguzi

Panga kwa alfabeti ya jina la kwanza, kisha jina la katikati, kwa hiyo Kipkoech anamtangulia Kiprono. Kupanga kwa umaarufu ni kukaribisha ugomvi. Kupanga kwa mwaka wa kuzaliwa kunafaa ukiwa na familia moja tu, kama Karume, ambapo msomaji anataka kuona vizazi: Abeid, kisha Amani, kisha Fatma Karume, wakili, binti ya Amani, aliyekuwa rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika 2018–2019. Naam, Karume wa tatu kuitwa rais, ila wa chama cha mawakili. Uandike urais wake kwa jina kamili la chama.

Majina yanayofanana sana yape mstari wa tahadhari mwishoni mwa aya, mfupi, usemao "si fulani" pamoja na kitu kimoja cha huyo fulani. Usiwawekee tahadhari wote. Timothy wa mita 1500 na Aaron wa Seneti hakuna anayewachanganya.

Ukimaliza, chukua aya zote, funika majina, na umpe mtu asiyeandika habari hizo pamoja na orodha ya majina na miaka ya kuzaliwa pembeni. Mwambie alinganishe kwa penseli. Usikae karibu naye ukimsaidia kwa macho. Atakapokosea, hatakosea ovyo. Atabadilishana wawili, kwa mfano Evans na Robert Kipkoech kwa sababu ya Chicago. Jozi hiyo tu ndiyo urudi kuiandika upya. Zilizopita ziache, na usishawishike kuzipamba.